Goldman au Irving? Njia mbili za mwandishi wa riwaya aliyebishiwa hodi na filamu

Katika duara letu la waandishi kuna swali lisilokosa mwulizaji. Mara ya mwisho aliyeuliza alikuwa binti mmoja ambaye riwaya yake ya kwanza ndiyo kwanza imeingia madukani. "Mwalimu," aliniambia, "kuna mtayarishaji wa filamu anaitaka. Nimwuzie aende nayo, au niandike skripti mwenyewe? Na nikishaanza skripti, nitarudi kweli kwenye riwaya?"

Lililonigusa ni lile la mwisho. Nikamwahidi kumjibu kwa maandishi. Nilipokaa kuandika, niliona heri niwaweke ubavu kwa ubavu Wamarekani wawili waliokabiliwa na swali hilo hilo, kila mmoja akalijibu kwa maisha yake yote: William Goldman na John Irving.

Nimewachagua hawa kwa sababu wote walianza na riwaya na wote walitwaa Oscar ya uandishi. Tena njia zao zilipitia kwa mwongozaji mmoja, George Roy Hill. Hill ndiye aliyeongoza Butch Cassidy and the Sundance Kid mwaka 1969, na ndiye aliyeongoza The World According to Garp mwaka 1982. Ile ya kwanza Goldman aliizaa moja kwa moja kama skripti, haikutanguliwa na riwaya yoyote. Ya pili ni riwaya ya Irving, lakini skripti iliandikwa na Steve Tesich. Irving anaonekana humo kidogo tu, kama refa wa mieleka. Mwongozaji ni yule yule, ila mmoja yumo ndani ya kila onyesho na mwingine amekaa pembeni ya ulingo na filimbi yake. Tofauti yao nzima nimeiona hapo.

Mlango walioingilia

Goldman alizaliwa Illinois mwaka 1931. Riwaya yake ya kwanza, The Temple of Gold, ilitoka 1957, naye aliiandika kwa muda usiofika wiki tatu. Kasi hiyo tuikumbuke, tutaihitaji huko mbele. Mwaka 1964 akatoa No Way to Treat a Lady, hadithi ya muuaji yenye sura fupi fupi mno. Aliitoa kwa jina la kupanga, Harry Longbaugh, jina linalokaribiana sana na jina halisi la yule jambazi aliyeitwa Sundance Kid. Kumbe mhusika wa filamu yake kubwa alikwisha kupiga kambi kichwani mwake.

Mwigizaji Cliff Robertson alipousoma mswada wa riwaya hiyo alidhani ni muhtasari wa filamu, akampa Goldman kazi ya kuandika skripti ya hadithi nyingine. Aliyoiandika ilikataliwa. Kazi akapewa mwingine, filamu ikatoka kwa jina la Charly, Robertson akapata Oscar yake na Goldman hayumo. Hata hivyo mlango ulikuwa umeshafunguka. Tazama vizuri kilichoufungua: riwaya yake haikuchukuliwa kwa umaarufu, ilichukuliwa kwa sababu ilikwenda mwendo wa filamu. Kama wasomaji wako wanakwambia kila mara kwamba "hiki kitabu nilikiona machoni", usilipuuze neno hilo. Huenda wanakuonyesha kipaji ambacho wewe mwenyewe hujakipa jina.

Irving ni mtu wa namna nyingine. Alizaliwa Exeter, New Hampshire, mwaka 1942, akacheza mieleka na kuifundisha, na akampenda Charles Dickens, Mwingereza wa karne ya 19, kuliko mwandishi yeyote. Kitabu chake cha kwanza, Setting Free the Bears, kilitoka 1968. Mwongozaji Irvin Kershner akakitaka, Irving akakaa Austria akiandika skripti yake, na filamu ile haikutengenezwa kamwe.

Kwa hiyo wote wawili walianza kwa kuanguka, na kila mmoja akaamka kwa upande wake. Goldman alikataliwa skripti akaandika nyingine. Irving alirudi kwenye riwaya. Mbili zilizofuata hazikupata wasomaji wengi, naye akaendelea kufundisha ili ale, mpaka Garp ilipotoka mwaka 1978 na kumbadilishia maisha. Binti yangu, ukitaka kujua wewe ni wa upande gani, jichunguze siku utakapokataliwa: mkono wako unakwenda kwenye karatasi ipi?

Fedha, na kitu ambacho fedha inanunua

Skripti ya Butch Cassidy iliuzwa kwa dola 400,000, bei iliyoitikisa Hollywood ya wakati ule. Skripti, kwa kanuni ya fani, ukurasa mmoja huhesabiwa kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo kurasa mia na ishirini zinatosha. Waandishi wengi wa riwaya hawaoni fedha kama hiyo maisha yao yote, na sitajifanya kwamba haina uzito. Mwenye kodi ya nyumba na ada ya watoto ana haki ya kuitazama kwa macho mawili.

Ila ni lazima ujue unauza nini. Kwa sheria ya Marekani, skripti iliyoandikwa kwa kuajiriwa na studio ni mali ya studio. Hakimiliki ni yao, na mbele ya sheria wao ndio wanaohesabiwa kuwa mwandishi. Wanaweza kumwita mtu wa pili aifute yako, na wa tatu aifute ya wa pili. Riwaya haiko hivyo. Mwenye riwaya hubaki na hakimiliki ya kitabu chake, anachouza ni ruhusa ya kukifanya filamu. Mara nyingi hata ruhusa hiyo haiuzwi kwa mkupuo mmoja. Mtayarishaji hulipa kiasi kidogo ili akishikilie kitabu kwa mwaka au zaidi asije akanyang'anywa, kisha hulipa bei kamili ikiwa filamu itaanza kweli. Nyingi haziendi zaidi ya malipo yale ya kushikilia.

Kwa upande mwingine, mwandishi wa skripti wa Marekani ana chama nyuma yake. Writers Guild huweka kima cha chini cha malipo, bima ya afya, pensheni, na malipo ya ziada kila kazi inaporudiwa kuoneshwa. Chama hicho kiligoma siku 148 mwaka 2023. Mwandishi wa riwaya hana ngao ya namna hiyo. Anasimama na wakala wake, kama anaye. Basi mizani inakaa hivi: skripti ina mshahara na ngao lakini haina umiliki, riwaya ina umiliki lakini wakati mwingine haina hata chakula cha jioni. Nawe unayesaini mkataba hapa kwetu usidhani ulinzi wa Wamarekani umevuka bahari na kuingia ndani ya karatasi yako. Isome neno kwa neno.

Goldman mwenyewe alionja pande zote mbili katika kazi moja. The Princess Bride ilitoka kama riwaya mwaka 1973. Studio ikainunua pamoja na skripti aliyoiandika mwenyewe, kisha wakubwa wa studio wakabadilika na kazi ikafungiwa kabatini. Aliipenda hadithi hiyo kiasi kwamba alitoa fedha zake mfukoni kuinunua tena. Filamu ilikuja kutengenezwa na Rob Reiner mwaka 1987, miaka 14 baada ya kitabu. Fikiria mwandishi anayekomboa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Nani ana neno la mwisho

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, maana fedha huisha lakini jambo hili humsumbua mwandishi mpaka uzeeni.

Goldman alitwaa Oscar mbili: ya Butch Cassidy, na ya All the President's Men ya mwaka 1976, filamu ya waandishi wa habari wawili wa Washington waliofichua Watergate, kashfa iliyomwangusha Rais Nixon. Ungedhani hiyo ya pili ndiyo fahari yake. Lakini katika kitabu chake cha kumbukumbu, Adventures in the Screen Trade cha 1983, aliandika kwamba angepewa kuishi upya maisha yake ya filamu angefanya yote yale yale, ila asingeisogelea All the President's Men. Wakati wa kazi ile mmoja wa waandishi wa habari wenyewe, Carl Bernstein, akishirikiana na mwandishi Nora Ephron, walikuja na skripti yao pembeni. Goldman akajikuta anaitetea kazi yake mbele ya watu waliopaswa kuwa upande wake. Tuzo ilikuja, lakini haikuliponya jeraha.

Mwaka huo huo ilitoka Marathon Man, kutoka riwaya yake ya 1974, na skripti ni yake pia. Ungedhani hapo angalau atasikilizwa: kitabu chako, skripti yako. Mwisho ulibadilishwa. Katika riwaya, kijana Babe anampiga risasi yule daktari wa meno wa Kinazi kwa mkono wake mwenyewe. Katika filamu, mzee yule anaangukia kisu chake. Aliyeandika mwisho huo ni mwandishi mwingine wa skripti, Robert Towne, naye Goldman hakuupenda. Ni badiliko la dakika chache, lakini linabadilisha kijana yule amekuwa mtu gani. Riwaya nzima ilikuwa inamwandaa kwa risasi ile.

Sasa Irving. Riwaya yake The Cider House Rules ilitoka 1985: daktari Larch anayeendesha kituo cha watoto yatima huko Maine, anayezalisha na pia kutoa mimba wakati sheria ikikataza, na yatima Homer Wells anayerithi kazi yake asiyoitaka. Safari hii Irving aliamua skripti aishike mwenyewe. Ilimchukua miaka 13 mpaka kamera zianze kuzunguka. Waongozaji walikuwa wanne kwa kupokezana. Wa kwanza, Phillip Borsos, alifariki kwa saratani mwaka 1995 filamu haijaanza. Baada yake wakaja Wayne Wang na Michael Winterbottom, wakaondoka. Wa mwisho, Lasse Hallström, ndiye aliyeitengeneza. Ilitoka 1999.

Tazama jambo hili ambalo kwa desturi ya Hollywood ni la ajabu: waongozaji wanne walibadilishwa, mwandishi akabaki yule yule. Kwa kawaida huwa kinyume chake. Goldman alipewa mwongozaji mmoja na akahesabu waandishi waliopita juu ya kurasa zake.

Lakini usidhani kwa kuwa Irving alishika kalamu hadi mwisho basi kitabu kilisalimika. Aliyekikata ni yeye. Melony, msichana mkali wa kituo cha yatima anayemtafuta Homer kwa miaka mingi, na kwangu mimi ndiye moyo wa pili wa riwaya ile, hayumo kabisa katika filamu. Miaka 15 ambayo Homer anaishi kwenye shamba la matofaa ilibanwa ikawa muda usiofika miaka miwili. Irving alimchinja Melony kwa kisu chake mwenyewe, na aliandika kitabu kizima, My Movie Business, kueleza alivyofika huko. Nilipokisoma nilielewa kwamba kushika skripti ya riwaya yako hakukuepushi na maumivu. Unachopata ni kuchagua wewe mahali pa kukata, basi. Kama huwezi kumkata Melony wako, usiiandike skripti ya riwaya yako. Mpe mtu ambaye hakumlea.

Irving alipata Oscar ya skripti hiyo mwaka 2000, na Michael Caine, aliyekuwa daktari Larch, akapata ya mwigizaji msaidizi.

Vitabu vyake vingine aliwaachia watu, na hapo pia kuna la kujifunza. A Prayer for Owen Meany ilipogeuzwa filamu mwaka 1998, ilikuwa imekwenda mbali mno na kitabu, na kwa ombi la Irving jina la filamu na la mhusika vilibadilishwa. Ikaitwa Simon Birch. A Widow for One Year aliichukua Tod Williams, akatumia theluthi ya kwanza tu ya riwaya, na filamu ikatoka 2004 kwa jina la The Door in the Floor. Kwa maoni yangu, ile ya theluthi moja ilikitendea haki kitabu kuliko Simon Birch. Kwa hiyo ukimwachia mwingine, usimwulize kama atakuwa mwaminifu kwa kitabu chote. Mwulize atachukua kipande gani.

Riwaya zilipata nini

Hili ndilo swali la binti yule. Nitalijibu kwa miaka, si kwa maneno.

Goldman alitoa riwaya kuanzia 1957 hadi 1986. Ya mwisho ni Brothers, mwendelezo wa Marathon Man. Alifariki New York Novemba 2018. Kati ya 1986 na kifo chake ni miaka 32 bila riwaya hata moja. Skripti aliandika, tena nzuri: Misery ya 1990, kutoka riwaya ya Stephen King, ni somo tosha la namna ya kuwafungia watu wawili ndani ya nyumba moja na kumnyima mtazamaji pumzi. Vitabu vya kumbukumbu na vya kuifafanua fani pia aliandika. Ila ile chemchemi ya wiki tatu iliyomletea The Temple of Gold haikufoka tena upande wa riwaya.

Irving, ndani ya ile miaka 13 ya kuisubiri filamu moja, alitoa riwaya tatu nene: Owen Meany mwaka 1989, A Son of the Circus mwaka 1994, na A Widow for One Year mwaka 1998. Skripti ilikuwa inachemka jiko la nyuma, yeye akiendelea kupika jiko la mbele. Tena kwake mto ulipanda mlima: Avenue of Mysteries ya 2015 ilianza kama skripti, filamu haikutokea, naye akaigeuza riwaya. Kwa Goldman riwaya ilikuwa ngazi ya kupandia kwenda kwenye filamu. Kwa Irving hata skripti iliyokufa ilikuwa mbegu ya riwaya.

Sisemi Goldman alipotea. Alikuwa fundi wa muundo, na mwandishi wa muundo mwenye kasi anaitaka skripti kama samaki anavyoyataka maji. Maonyesho yake huanza yamechelewa na kuisha mapema, na hilo kila mwandishi wa riwaya anapaswa kulisoma kwake. Ninachosema ni kwamba aliyetegemea kurudi, asiitazame njia ya Goldman akadhani ina kona ya kurudia.

Kuna mtu wa tatu ambaye nitampitia haraka kwa sababu kazi yake bado inaendelea: Gillian Flynn. Alikuwa mwandishi wa magazine ya burudani hadi alipopunguzwa kazini 2008. Riwaya yake Gone Girl ilitoka 2012, na skripti ya filamu ya 2014, iliyoongozwa na David Fincher, aliiandika mwenyewe. Baada ya hapo akaingia kwenye filamu ya Widows na tamthilia za televisheni, na kwa zaidi ya miaka kumi baada ya Gone Girl hakutoa riwaya nyingine kamili. Mwaka 2012 ungemwona kama Irving, lakini kwa hesabu ya miaka anakaribia zaidi kwa Goldman. Televisheni ya leo inakula muda wa mwandishi kuliko filamu ya zamani, kwa kuwa msimu wenye vipindi vinane ni mswada unaokaribia unene wa riwaya, na chumba cha waandishi, wanamokaa kuiandika tamthilia kwa pamoja, hakikuruhusu kwenda kulima shamba lako asubuhi.

Basi uchague nani

Fuata njia ya Goldman kama unaandika upesi, mazungumzo ya wahusika ndiyo yanayokuja kwanza na maelezo ya mandhari unayaandika kwa kujilazimisha, unaweza kukaa mezani na watu sita wanaoichambua kazi yako na usiku ukalala, na unahitaji kipato kinachokuja kila mwezi. Ila anza na hadithi mpya. Usianze na riwaya unayoipenda kuliko zote; Marathon Man iwe onyo lako.

Fuata njia ya Irving kama sentensi yako ni ndefu na unaipenda ilivyo ndefu, kama unahitaji miaka ya wahusika wako na si siku zao, na kama una kazi nyingine ya kukulisha. Chagua kitabu kimoja tu utakachokishika mwenyewe hadi skrini, vingine waachie watu. Na siku unayoanza skripti hiyo uwe umekwisha kuanza riwaya inayofuata, hata kama ni sura moja. Hili kwangu ni sharti, si ushauri. Bila Owen Meany mezani, ile miaka 13 ingemla.

Na kama unajiona hupo kwa Goldman wala kwa Irving, uza ruhusa na urudi nyumbani kuandika. Si aibu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka 1999, Amil Shivji akaifanya filamu mwaka 2021 na ikafika hadi tamasha la Toronto. Kitabu kipo rafu ile ile, na waliotoka kuitazama filamu wengine wanakiuliza dukani.

Binti yule aliponijia tena wiki iliyopita nilimwuliza ana nini kingine mezani. Akasema ana sura mbili za riwaya mpya, hajamwonyesha mtu. Nilimwambia asaini, lakini aandike kwenye mkataba kwamba skripti ataanza baada ya miezi minne. Kisha nikamwazima The Last Chairlift, riwaya ambayo Irving aliitoa mwaka 2022 akiwa na miaka 80. Ina kurasa zaidi ya 900. Msimulizi wake ni mwandishi wa riwaya anayeandika pia skripti, na katikati ya kitabu zimo skripti zenyewe, ndefu, na maonyesho yake na mazungumzo yake, zimechapwa kama zinavyochapwa skripti. Hazihitaji studio, na kila ukurasa wake ni mali ya Irving.